MMPI, Big Five, HADS au PHQ-9: mgonjwa wa muda mrefu umpe ipi, na majibu yake uyasomeje

Mjomba wangu ana baridi yabisi, ile ya viungo kufura vyenyewe si ya uzee, mwaka wa sita huu. Alikuwa karani wa godauni huko Shimanzi, Mombasa, kazi ya kuhesabu magunia na kuandika, na vidole vilipoanza kupinda kalamu ikawa haishikiki. Ofisi ikampeleka kliniki moja ya kibinafsi (jina naliacha) apimwe kabla hawajaamua kama atastaafishwa kwa ugonjwa, na huko mbali na damu na eksirei akapewa pia fomu ndefu ya maswali ya tabia. Ripoti ilirudi na kurasa nne na mstari mmoja uliomkaa rohoni mpaka leo, ati ana mwelekeo wa kuzidisha malalamiko ya mwili na kugeuza shida za moyo kuwa maumivu. Alinipa niisome tumekaa barazani, mikono kailaza mapajani imefura kama maandazi, akaniambia, "Mwanangu, wameniuliza kama naumwa, nikasema naumwa. Sasa kosa langu ni lipi?"

Mie ni kaunsela, wagonjwa wangu wengi ni wa figo, kansa na hizi za viungo, na hizi fomu nazishika karibu kila wiki. Kosa nililiona pale pale na halikuwa la mjomba. Fomu ilichaguliwa vibaya na ikasomwa vibaya zaidi. Sasa kuna wenzangu makazini, na watu wa familia pia wanaopewa ripoti hawajui waulize nini, kwa hivyo nataka tuziweke fomu nne zinazotumika sana kando kwa kando tuone mgonjwa gani apewe ipi. Mjomba ameridhia nimtaje bila jina, tena kasema nisisahau kuandika kwamba miaka yote ile ya kazi hakuwahi kuomba ruhusa ya uongo.

Kwa mwenye haraka: ukitaka kujua kama mgonjwa amevunjika moyo au ana wasiwasi, HADS. Kama huna pesa za leseni na foleni imefika mlangoni, PHQ-9, lakini usisome jumla peke yake. Ukitaka kujua yeye ni mtu wa namna gani ugonjwa kando, Big Five, na umuulize pia anayeishi naye. MMPI, ile fomu ndefu ya tabia, iache kwa maswali mazito na kwa mtu aliyeisomea kweli kweli.

Tuanze na hiyo MMPI maanake ndo aliyopewa mjomba. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na Starke Hathaway na J. C. McKinley, ikatoka 1943, kisha 1989 ikaja MMPI-2 yenye sentensi 567 za kweli au si kweli. Iko MMPI-3 ya 2020 iliyopunguzwa hadi 335 lakini mie mwenyewe bado nakutana na hiyo ya 567 zaidi. Mtu mzima wa afya anaimaliza kwa saa moja au saa moja na nusu. Mtu ambaye kalamu haishikiki, hesabu mwenyewe.

Uzuri inao, tusiionee. Inakamata mtu anayejibu ovyo na anayejipamba, ina skeli zake za ndani (yaani mafungu ya sentensi yanayohesabiwa pamoja) za kuangalia hilo tu, zinaitwa L, F, K na nyinginezo, na fomu fupi hazina kitu hicho. Ndo maana ofisi na mawakili wanaipenda, wanataka kujua kama mtu anawadanganya.

Shida kwa mgonjwa iko kwenye skeli tatu za mwanzo. Ya 1 inatafuta mtu wa kujihofia magonjwa, ya 2 huzuni, ya 3 yule ambaye dhiki yake inatokea mwilini. Skeli ya 1 ina sentensi 32 na zote, zote kabisa, ni za mwili: tumbo, kichwa, usingizi, nguvu, maumivu, afya kwa jumla. Na watu waliotumika mwanzoni kuweka kipimo cha "kawaida" walikuwa zaidi jamaa na wageni waliokuja kuona wagonjwa katika hospitali ya chuo kule Minnesota, yaani si wale waliolala kitandani, ni wale waliosimama pembeni na matunda. Mzima akisema hana nguvu za kazi kama zamani na ana maumivu siku nyingi, hapo kuna jambo la kuuliza. Mwenye baridi yabisi akisema hivyo amekusomea faili lake tu.

Na hili si jipya. Mwaka 1986 Theodore Pincus na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa baridi yabisi hasa, wakaonyesha kuna sentensi 5 ndani ya MMPI ambazo mgonjwa wa viungo anazijibu vile kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na hizo zinatosha kupandisha skeli hizo tatu. Miaka karibu arubaini sasa! Mwandishi wa ripoti ya mjomba ama hakuyajua ama aliyajua akaona shughuli.

Kwenye MMPI-2 alama zinageuzwa kuwa alama za T, wastani ni 50, kila hatua ni 10, na kuanzia 65 inahesabiwa iko juu. Mjomba alipata 74 kwenye ya 1, 68 ya 2, 71 ya 3. Ukizichora, ya 1 na ya 3 ziko juu na ya katikati imeshuka, inatokea kama herufi V, na vitabu vya zamani vinakwambia ukiona V hiyo basi huyu anageuza dhiki kuwa ugonjwa. Mwandishi akaiona V akaandika. Hakurudi nyuma kutazama ni sentensi zipi zilizoibeba hiyo alama, na hapo ndipo penye kazi yenyewe: unazitoa zile za mwili moja moja, unatazama zilizobaki zinasema nini. Kuna mtaalamu Carlton Gass aliyependekeza mapema miaka ya 90 orodha za sentensi za kurekebisha, 14 kwa waliopata jeraha la kichwa na 21 kwa waliopigwa na kiharusi, ila wengine wanapinga, wanasema ukizitoa kwa kila mtu utakuja kuficha shida ya kweli. Mie nafanya hivi, natazama alama zote mbili, nikiwa nazo na nikiwa nimezitoa, na naandika zote kwenye ripoti ili msomaji aone tofauti.

Tena kuna hili la lugha ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Mjomba hakujaza mwenyewe, kijana mmoja alimsomea kwa Kiswahili cha papo kwa papo kutoka kwenye Kiingereza. Sentensi nyingi zina "si" ndani yake. Sasa umsomee mtu wa Mombasa, "Huna maumivu mengi?" akujibu "Ndiyo." Ndiyo ipi? Kwetu "ndiyo" hapo maana yake ndiyo, sina, anakubaliana na ulivyosema. Mwingine aliyekaa sana na Wazungu atasema "ndiyo" akimaanisha anayo. Kijana anatia alama tu. Zidisha hayo kwa sentensi 567, halafu uniambie hiyo 74 imetoka wapi.

Big Five ni kitu kingine kabisa. Haitafuti ugonjwa, inampanga mtu kwenye vikapu vitano: uwazi wa mawazo, bidii na mpango, uchangamfu kwa watu, upole, na kuyumba kwa hisia. Ile kamili ni NEO-PI-R ya Paul Costa na Robert McCrae, 1992, maswali 240, iko fupi yake ya 60 inayoitwa NEO-FFI, na iko BFI yenye 44. Kwa mgonjwa mie naona chukua fupi, 240 ni adhabu.

Mtego wake ni mdogo kuliko wa MMPI lakini uko. Mjomba alipoulizwa kuhusu kupenda kuwa na watu alijibu hapendi. Nikamuuliza mkaza mjomba aliyekuwa jikoni anakaanga mahamri, akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Huyu? Huyu akitoka msikitini magharibi alikuwa hapiti hapa, anakwenda barazani kwa muuza kahawa, hadi saa nne za usiku, watoto nawalaza mie!" Kumbe hendi sasa kwa sababu ile baraza ni ya saruji ya chini na akishakaa hawezi kuinuka bila kushikwa, anaona haya mbele za wenzake. Fomu imeandika mtu mpweke. Na kwenye bidii ndo hivyo hivyo, anajibu kazi anaziacha njiani. Anaziacha njiani kwa sababu mikono haiwezi.

Dawa yake iko mbili. Moja, kabla hajaanza mwambie wazi ajibu kuhusu kipindi kipi, alivyo sasa au alivyokuwa kabla ya kuugua, ukiweza umpe zote mbili na uzilinganishe, tofauti hiyo ndo habari yenyewe. Ya pili, NEO-PI-R ina fomu ya mtu mwingine kumjibia, Fomu R, ile ya mwenyewe inaitwa Fomu S, na kwa aliyepatwa na kiharusi au anayesahau sahau usithubutu kuiacha hiyo R. Kwa sisi huku mashahidi hawakosekani, kazi ni kuwanyamazisha wasijibu wote kwa pamoja.

Ila usiamini kila namba ya Big Five ukiwa huku. Ulitoka utafiti 2019 kwenye jarida la Science Advances, data ya nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, ukaonyesha hojaji hizi zikisomwa ana kwa ana mara nyingi hazipimi vile vitu vitano ilivyokusudiwa, na sababu moja ni watu kukubali kila wanachoulizwa. Hili mie nalijua bila jarida. Mgonjwa anakuona na koti jeupe anakwambia ndiyo daktari, ndiyo, hata kwa mambo mawili yanayopingana, asije akakuudhi.

Sasa fomu fupi mbili, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. HADS na PHQ-9 hazipimi tabia, zinapima hali ya moyo kwa kipindi kifupi. Lakini ukweli ni kwamba mara nyingi aliyeandika "apimwe tabia yake" alitaka kujua hii hali ya moyo, kwa hivyo muulize kwanza anataka nini kabla hujafungua kabati.

HADS iliandikwa 1983 na Anthony Zigmond na Philip Snaith kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali za kawaida, maswali 14, saba ya wasiwasi na saba ya huzuni, kila upande mwisho ni 21. Sifuri hadi 7 hakuna neno, 8 hadi 10 mpakani, 11 kwenda juu kuna jambo. Walichofanya kwa makusudi ni kuacha nje usingizi, hamu ya kula, uchovu na mengine ya mwili, kwa hivyo ugonjwa haumbebeshi mtu alama za bure. Linabaki moja la kujiona umepungua kasi, hilo mwenye viungo atalitia 3 moja kwa moja, lijue tu. Na lipo moja la wasiwasi ambalo kwa Kiingereza limeandikwa na vipepeo tumboni, nimewahi kuona tafsiri ya mkono iliyoandika "vipepeo" vile vile, mama wa watu akauliza kama ni minyoo. Tumia tafsiri iliyokwisha kujaribiwa. Pia ina haki miliki, inataka leseni, na hilo kwa zahanati ya mtaani ni kikwazo.

PHQ-9 ni bure. Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, 2001, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 3, jumla 27, na mipaka yake ni 5, 10, 15 na 20. Ya Kiswahili ipo na watafiti wa Kilifi pale jirani wameitumia. Dakika tatu umemaliza. Ila usingizi umo, uchovu umo, kula umo, na mwendo wa polepole umo.

Mwenzangu tuliyesoma naye ndo aliyemkalisha mjomba kwa hizi mbili (mie siwezi kumpima mtu wa damu yangu, wala wewe usifanye), siku moja, asubuhi baada ya chai. PHQ-9: usingizi 3, uchovu 3, mwendo 3, kula 2 kwa sababu vidonge vya steroidi vinamuamsha saa nane za usiku akitafuta mkate, kukosa raha 1, huzuni 0, yaliyobaki 0. Jumla 12, na 12 kwenye karatasi inasomeka unyogovu wa kiwango cha kati. HADS: huzuni 6, ambazo 3 ni za lile swali la kasi, wasiwasi 9. Mtu yule yule, kiti kile kile. Moja inasema ana unyogovu, nyingine inasema huzuni hana, ana wasiwasi wa mpakani. Ukimuuliza mwenyewe anakwambia anawaza ofisi watamlipa vipi na ada ya kitinda mimba. Mie naiamini HADS hapa. Na hata PHQ-9 ingelisomwa kwa jicho ingesema hivyo hivyo, manake maswali mawili ya kwanza, kukosa raha na huzuni, ndo nguzo, na hizo mbili kapata 1 tu kati ya 6. Zile 11 zingine ni mwili na dawa.

Lakini ngoja, usije ukachukua hii ukaanza kufuta kila kitu. Nilikuwa na mama mmoja wa dialisisi, uchovu, chakula hali, usiku halali, kila mtu wodini akisema ni figo hizo, na mie nikasema ni figo. Mwezi wa tatu binti yake akaniambia mama kaacha kutia hina na kaacha chama chake cha wanawake ambacho alikuwa mweka hazina, na akiletewa mjukuu hamtazami. Hiyo haikuwa figo. Kwa wagonjwa wa kansa Jean Endicott alipendekeza 1984 kwamba badala ya kufuta dalili za mwili uzibadilishe: badala ya usingizi tazama kama amejitenga na kupunguza maneno, badala ya uchovu tazama kama anajisikitikia na kukata tamaa, badala ya umakini tazama kama hata akichekeshwa hacheki. Hakuna fomu ya kununua hapo, ni macho yako na dakika kumi, na yule mama ningelimuona mapema.

Siku nayo ina neno. Usimpe mtu fomu ametoka kwenye mashine ya dialisisi saa ile ile, wala mwenye homa anayeweweseka, huyo hata MMPI yake itakutolea mwehu. Steroidi zinachangamsha watu na zinawakosesha usingizi, efavirenzi kwa wanaotumia dawa za virusi inaleta ndoto mbaya, saikloserini ya kifua kikuu sugu inaweza kumvuruga mtu akili kabisa, kwa hivyo orodha ya dawa iwe mezani kabla ya fomu. Na Ramadhani! PHQ-9 inauliza wiki mbili zilizopita kuhusu usingizi na kula, mtu anaamka daku saa kumi, mchana hali, mji mzima ungepata alama. Ukimpima mwezi ule andika hivyo juu ya karatasi.

Kitu kimoja hakuna fomu kati ya hizi nne inayokupa, nacho ni sababu ya kuugua. Mtaani utasikia fulani kapata kansa kwa sababu ni mtu wa kuweka mambo moyoni, na wasomi nao waliwahi kulisema. Hans Eysenck na Ronald Grossarth-Maticek waliandika mengi juu ya tabia na kansa, na 2019 chuo cha King's College London, ambacho taasisi aliyofanyia kazi Eysenck sasa iko chini yake, kikatangaza makala 26 za wawili hao si za kuaminika. Wakati huo tayari, 2010, daftari za Finland na Sweden zenye watu zaidi ya 50,000 zilikuwa zimetazamwa na tabia haikuonekana kuleta kansa. Kwa hivyo ripoti ikiwa na sentensi ya "utu wake umechangia ugonjwa", irudishe.

Nikirudi kwenye kuchagua. Mgonjwa wa kitandani, kansa, figo, moyo, nampa HADS na mazungumzo. Kliniki ya nje yenye watu arubaini asubuhi moja, PHQ-9, jumla ikifika 10 nageuza karatasi natazama zimetoka maswali gani. Anayejiandaa kwa jambo refu, tuseme kupandikizwa figo, ambapo unataka kujua kama ni mtu wa kushika saa ya dawa, Big Five fupi na ndugu yake ajibu pia. Na ofisi ikitaka MMPI kwa kesi ya fidia au kustaafu, sawa, lakini omba mtu aliyesajiliwa, hapa Kenya sheria ya washauri na wanasaikolojia iko tangu 2014, na omba aandike kwenye ripoti alama zikoje sentensi za mwili zikitolewa. Ripoti ya mjomba tuliiandikia barua ya kurasa moja na nusu tukiambatanisha barua ya daktari wake wa viungo, na kliniki ikakubali kuisoma upya. Ule mstari umetolewa. Malipo bado wanazungushana.

Limebaki swali la tisa la PHQ-9, la kufikiria kujidhuru au kufa. Hilo halina habari ya viungo wala figo, hata 1 ni ya kusimamisha kazi zingine zote. Na watu huku hulidanganya, dini inakataza, aibu ya nyumba iko, na kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu iliposema Januari 2025 kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, khofu ya polisi haijatoka vichwani. Mjomba aliweka 0 mbele ya mkewe. Mwenzangu akanywa chai, akazungumza habari za mpira, mkaza mjomba alipotoka kuanua nguo akamuuliza tena, polepole, bila karatasi. Mjomba akatazama mikono yake kitambo, akasema kufa hapana, ila kuna usiku humuomba Mungu amchukue vidole tu amuachie vilivyobaki.